Mellen Aliyetuletea Mwalimu wa Biashara

Mwalimu Oyaro aliacha sentensi ikiwa nusu ubaoni, akapokea simu, akatoka nje.

Hakurudi tena.

Baadaye tukasikia amepata kazi ya serikali huko mbali. Sawa, mtu hukataa aje? Lakini sisi wa somo la Biashara pale shule ya Boito tuliachwa kwa mataa, bila mwalimu, na Form Four ndiyo hiyo imeanza.

Wengi walihepa, wakaenda Kilimo. Tukabaki wachache wenye vichwa vigumu.

Aliyekuwa na kichwa kigumu kutuzidi sote ni Mellen, binti ya mzee Ogoti. Kwao ni majani chai tu, na bonasi ikishuka hakuna anayemweleza babake kwa nini. Mellen alitaka kusomea hiyo kwa nini.

Alienda kwa prinsipo, Bwana Bethwel, mpaka prinsipo akawa akimwona anageuza njia. Siku moja prinsipo akachoka, akamwambia, "Basi nileteeni mwalimu nyinyi wenyewe."

Alikuwa anatania. Mellen hakujua utani.

Sokoni kulikuwa na Madam Jerusa. Alikuwa amefundisha Biashara miaka mingi kabla aache chaki aanze kuuza mapazia. Mellen alimwendea, akakataliwa. Akarudi, akakataliwa. Madam alisema ameshamaliza na mambo ya shule, na kwamba huyo mtoto anamfukuzia wateja.

Mellen akaanza kuruka fensi ya shule siku za soko, aende kwa Madam. Nyumbani hakusema kwamba anamtafuta mwalimu. Babake alimwona tu akirudi na macho mekundu, akisema hakuna mwalimu, kisha anaingia kulala bila kula.

Alhamisi moja ya soko alikaa kando ya mapazia na kitabu chake, amekasirika, hata salamu hakutoa. Madam akamuuliza anasoma nini. Mellen akamweleza mambo ya bei na mahitaji.

Alieleza vibaya. Yaani kichwa chini miguu juu.

Madam akaacha kukunja pazia. "Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna mtu, madam. Nilijisomea."

Mwalimu ni mwalimu tu, kosa likimpita hivihivi hapati usingizi.

"Mwambie prinsipo wako nakuja Jumatatu."

Na Jumatatu akaja kweli. Prinsipo alikuna kichwa, lakini neno lake lilikuwa neno lake. Darasa likajaa furaha. Chepchumba, rafiki ya Mellen, alikuwa amemwekea kiti mbele.

Kabla Mellen akae, aliitwa ofisini.

Kumbe ile Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kusajili masomo ya mtihani. Sisi tuliokuwepo tulikataa katakata kuhamishiwa Kilimo. Mellen hakuwepo. Prinsipo akampigia babake simu.

"Mzee wako alisema nikuweke Kilimo," Bwana Bethwel alimwambia, akitazama meza. "Imeshafungwa, mama. Siwezi kuifungua."

Mellen alienda nyumbani mchana huohuo. Alimkuta babake akipalilia mahindi, akamuuliza kwa nini.

Mzee Ogoti aliegemea jembe. Sauti ilimtoka polepole.

"Ulikuwa unalia kila siku hakuna mwalimu. Nilifikiri nakutoa kwa shida."

Mellen hangeweza hata kumkasirikia. Hiyo ndiyo ilimuuma zaidi.

Kwa hivyo sisi tulifundishwa Biashara na Madam Jerusa, na tulifundishwa vizuri. Mellen alikuwa darasa la upande wa pili, akisoma magonjwa ya ng'ombe, na ukuta wetu ni wa mbao. Madam akiuliza swali tukikwama, wakati mwingine ungesikia jibu likitoka upande ule. Madam hakuwahi kumkataza.

Wewe unayesoma hii na kuna kitu unapigania kimyakimya: ambia watu wa kwenu ni kitu gani. Wanaokupenda wasipojua, watakusaidia mpaka ukikose.