Fundi Aliyechagua Gemu Isiyo na Kumbukumbu

Saa mbili asubuhi pasi ya kulehemu inafuka moshi mezani, na Fundi Waya hataki salamu ya mtu. Ameinamia kaseti ya gemu iliyofunguliwa, nyaya mbili nyembamba zimeingia tumboni mwa kaseti. Nyuma yake amesimama mdogo wake, mikono kifuani.

"Usipumue," anamwambia bila kugeuka.

"Dada, mwaka mzima huu hutaki nipumue," anajibu mdogo mtu.

Fundi Waya, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, hutengeneza redio na mashine za gemu za zamani, na hapo hapo ana chumba cha wachezaji. Mdogo wake ana chumba chake milango mitatu mbele. Mashine za vyumba vyote viwili zilikuwa za kaka yao, aliyefariki miaka miwili iliyopita kwa maradhi ya mapafu.

Katika kugawana, familia ilisema mkubwa achague kwanza. Akachagua Swala Mbio. Mdogo akabakiwa na Mpanda Ngazi.

Ni gemu za zama moja, zote za kukimbia na kuruka, lakini tabia zao ni mbingu na ardhi. Swala Mbio ni kasi tupu: ukisita umekufa, na kwa mjuzi inakwisha ndani ya dakika arobaini. Mpanda Ngazi inakwenda polepole, ina vyumba vya siri nyuma ya kuta, na mchezaji huhifadhi alipofikia akaendelea kesho. Swala Mbio haihifadhi kitu. Ukizima, umezima.

"Nilijiona mjanja," anasema fundi. "Ya mbio ndiyo ilikuwa inajaza watu. Sasa wangu wanakimbia, wanamaliza, wanaondoka. Wake wanakaa, wanapiga soga, kesho haooo, wamerudi."

Zamani alipata wachezaji thelathini kwa siku. Juzi walikuja tisa, na mmoja alikuwa anauliza kwa mdogo wake ni wapi. Hata kinyozi wa jirani, mteja wake wa miaka, amehamia kwa mdogo wake. "Siku hizi nywele najinyoa mwenyewe," anasema fundi, wala hatanii.

Lakini kinachomkereketa hasa si wateja. Miezi mitatu baada ya mgawo ndipo aliposikia kwamba ndani ya Mpanda Ngazi, nafasi ya tatu ya kuhifadhia, umo mchezo wa kaka yao, pale pale alipouacha wiki aliyolazwa.

"Mimi nilibeba mashine, mwenzangu akambeba kaka. Nikipita mlangoni kwake nikausikia muziki wa ile gemu, roho inaniuma. Sijawahi kuingia. Ningeingia na uso gani?"

Wiki hii betri ndogo iliyo ndani ya kaseti ya Mpanda Ngazi, ile inayotunza kumbukumbu, imeanza kuchoka. Mtaani fundi wa kuibadilisha ni mmoja tu.

Njia rahisi ni kung'oa ya zamani na kuchomelea mpya. Ni kazi ya dakika tano, na kila kilichohifadhiwa kinafutika. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Nililiwaza, nisikufiche," anakiri. "Nikasema, basi tukose wote."

Ameshika njia ngumu. Kaseti inalishwa umeme wa betri nyingine kupitia zile nyaya, huku ya zamani ikitolewa taratibu. Waya ukiteleza mara moja tu, kaka amekwenda kwa mara ya pili. Jasho linamtiririka hadi kidevuni, na mdogo wake anamfuta kwa upande wa kanga bila kuambiwa.

Dakika ishirini baadaye wako milango mitatu mbele, runinga imewaka. Nafasi ya tatu ipo: asilimia tisini na sita. Kijitu chenye begi mgongoni kimesimama ukingoni mwa daraja, kinapepesa macho.

"Icheze, dada. Mmalizie."

"Thubutu! Nimwangushe?"

Anakaa sakafuni, hagusi kitufe hata kimoja, anatazama tu. Mdogo wake anakaa naye.

Mwisho wa mwezi Fundi Waya anakusudia kufunga chumba chake cha gemu na kuihamishia Swala Mbio humu, runinga mbili ubavu kwa ubavu. Mdogo mtu amekubali, ila anauliza kama basi ule wivu umekwisha.

"Uishe uende wapi?" anasema fundi. "Ninao vile vile. Ila nataka nikuonee wivu nikiwa nimekaa na kaka."