Dokta Alivyokula Mpui

Agnesi wa Mpui ana watoto wanne, na watatu wako mbali. Huku Ufipa hilo si ajabu: tunavuna mahindi, ulezi na vijana, na vyote husafirishwa. Anayemuuma zaidi ni Faith, kitindamimba wake, aliyemaliza chuo akaenda Dar es Salaam kukaa mapokezi katika jengo la vioo.

Basi ilipovuma kwamba kampuni ya kukamua alizeti inatafuta pa kujenga kiwanda, na kwamba mchumi atakuja kupima ni wapi palipoachwa nyuma zaidi ili kijengwe hapo, Agnesi alijua mwanawe atarudi. Kiwanda hakikosi mapokezi.

Mchumi mwenyewe, Dokta Shedrack, alikuja kiangazi. Alikuwa kijana mpole, mtafiti wa sababu za kazi kukimbilia mijini, jambo alilolichunguza kwa miaka mingi akiwa mjini. Aliuliza nyumba hii hula nini. Kabla hajaketi vizuri, Agnesi alikuwa ameshamkamata jogoo.

Jirani yake Wilibrodi hakuwa na kuku. Akakopa mmoja kwa Bundala, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, naye akachinja. Alipoulizwa kama nyama hupatikana mara kwa mara, Wilibrodi, ambaye hakuwa ameionja tangu Pasaka, alijibu kwa utulivu, "Kwani kuna siku tunakosa?"

Dokta alikula kila nyumba. Jioni alipanda gari akiwa ameshika tumbo.

Matokeo yalisomwa Sumbawanga mjini, ukumbini, kwa chai na sambusa. Mpui, alisema Dokta, hakuna shida ya lishe. Watu wanakula nyama kuliko wakazi wengi wa jiji. Kiwanda kikapelekwa pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako watu walikiri bila haya kwamba wanashindia mihogo.

Faith alipiga simu akiwa amekwishasikia.

"Mama, si ungemwambia tu mnakula maharage?"

"Mgeni wa watu? Nimwambie kwangu hakuna kitu, halafu nimtazame usoni?"

Faith akasema kwamba likizo mwaka huu hatapata, labda mwakani. Agnesi akaitikia kwamba si neno, kazi ni kazi.

"Na huyo Dokta akirudi je?" Faith akauliza.

"Nimebaki na mtetea mmoja," alisema Agnesi. "Anataga vizuri. Lakini tutafanyaje?"