Prosesa Mpya ya Sumeiya

Katika kumbi za harusi za Malindi, siku ya kupamba, kuna kona iliyo tupu sasa. Ni ile ya mkono wa kushoto wa jukwaa la bibi harusi, palipokuwa pakisimamishwa kamera, na nyuma ya kamera Sumeiya, mwembamba, kimya, buibui amelifunga kiunoni. Siku hizi simu zetu hukusanywa mlangoni ndani ya kapu. Bibi harusi huingia, tukapiga vigelegele, na shughuli ikiisha hakibaki kitu ila kumbukumbu za waliokuwapo. Watu huikwepa kona ile, kama kwamba pamemwagika kitu.

Kupamba ni siku ya wanawake peke yao. Mabuibui huvuliwa, nywele hufunuliwa, na mabibi wenye magoti mabovu hucheza wakasahau magoti. Ndiyo maana mpiga picha lazima awe mwanamke, tena mwanamke anayeaminika, kwa kuwa filamu huenda nayo nyumbani kwake. Sumeiya, binti wa watu waliohama Faza wakaja mtaa wa Shela, aliaminika kuliko wote. Alizihariri filamu chumbani, mlango umefungwa, kwa kompyuta ya mezani ambayo hata kaka zake hawakuruhusiwa kuigusa. Ahadi yake kwa kina mama ilikuwa moja: jicho la mwanamume halitaona.

Kisha akapata kamera mpya iliyotoa picha nzito, na kompyuta ikaanza kukwama. Ikawa hivyo hivyo katika filamu ya harusi ya Lubna. Mashangazi wa Lubna waliokuja kutoka Faza walikuwa wamebakizwa Malindi ili waione filamu kabla ya kurudi kwao Ijumaa, na mama yake Lubna hakuacha kupiga simu.

"Mwanangu, wageni wanauliza."

"Iko jikoni, mama."

"Basi jiko lako halina makaa."

Sumeiya akaenda kwa Kaingu, fundi wa kompyuta karibu na soko la zamani, akamwambia anataka prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yenye nguvu zaidi.

"Niletee mashine niiwashe," Kaingu alisema.

"Ya nini kuiwasha? Bodi ya ndani nimeipiga picha, hii hapa. Jina lake limeandikwa."

Kaingu aliitazama picha kwenye simu. "Hii inanionyesha kwamba prosesa itaingia kwenye tundu lake. Kuingia si kukubaliwa, dada. Bodi ina programu yake ndani. Ikiwa ni ya zamani, prosesa mpya itakuwa mgeni asiyejulikana, ataachwa mlangoni na hodi zake. Lazima niiwashe nione."

Sumeiya alitazama chini. Angeweza kusema kwamba ndani mna picha za wanawake. Lakini kulitaja jambo lile mbele ya mwanamume, kwake yeye, kulikuwa tayari kuinua pazia.

"Siwezi kuileta."

"Unaogopa nitakuibia vipuri?" Kaingu alicheka kidogo, akaacha alipoona hacheki naye. "Basi usinunue."

Alinunua. Prosesa ikatumwa kutoka Mombasa, naye akajifungia na bisibisi. Alipoinua feni, ile dawa ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama uji uliogandia sufuria, na prosesa ya zamani ikang'oka pamoja na feni, vijiti vyake vya chini vikapinda. Hakujali, maana alikuwa na mpya. Ile mpya iliingia bila kulazimishwa, ikakaa vizuri. Akawasha. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi, na ndani ya weusi ule akauona uso wake.

Sasa mpya haikukubaliwa na ya zamani haikuingia. Ijumaa ilikuwa kesho. Sumeiya aliifunga kompyuta ndani ya leso, akapanda tuktuk, akaenda nayo kwa Kaingu.

Kaingu hakumsimanga. Alinyoosha vile vijiti kwa wembe, kimoja kimoja, akairudisha prosesa ya zamani mahali pake. Wateja walikuwa wameketi kwenye benchi wakisubiri simu zao. Mmoja wao alikuwa Muzammil, ndugu wa mume wa Lubna. Kaingu akaiunganisha kompyuta na skrini ya dukani, iliyotundikwa ukutani ili kila mwenye chombo aione kazi ikifanyika.

"Kaka, igeuze skrini," Sumeiya alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko feni ya dari, na Kaingu alikuwa ameshabonyeza.

Kompyuta haikuwa na neno la siri. Nani angeingia chumbani kwake? Na kwenye uso wa skrini, unaotokea kompyuta ikiwaka, alikuwa ameweka picha aliyoiona bora kuliko kazi zake zote: Lubna mbele ya kioo, mabega wazi, hina mpaka viwikoni, vikuba vya asumini kwenye nywele zilizofunguliwa.

Kaingu alichomoa waya wa umeme. Muzammil alikuwa ameshainamisha kichwa, anatazama viatu vyake. Akainuka, akatoka, simu yake akaiacha mezani. Hakuna aliyecheka, na Sumeiya alitamani mtu acheke.

"Ungeniambia tu, dada," Kaingu alisema, mgongo ameugeuza kwake.

"Ningekuambiaje?"

"Picha ziko kwenye diski, na diski hutoka. Ungeichomoa ukaiacha nyumbani. Ningeipima bodi mchana kutwa nisione hata ukucha wa mtu."

Usiku ule alimaliza filamu kwa prosesa ya zamani, ikikwama na kuendelea. Asubuhi akampelekea mama yake Lubna pamoja na nakala zote. Alikuwa amejiandaa kukiri mwenyewe, akakuta habari imemtangulia. Mama yake Lubna alimmiminia kahawa.

"Hukukusudia, mwanangu. Tumesamehe."

Sumeiya aliniambia baadaye kwamba kofi lingekuwa jepesi. Lubna alikuwa chumba cha ndani na hakutoka. Filamu haikuwekwa itazamwe. Mashangazi walikunywa kahawa, wakaifunga mizigo yao.

Hakuna aliyemtukana. Tulimsalimia kwa adabu zaidi kuliko zamani, na adabu ile ndiyo iliyomfungia milango. Harusi zikaja, hakuitwa. Naye akawa anazunguka uchochoro wa nyuma kwenda sokoni, asipite kwa Kaingu.

Sasa Sumeiya yuko Kilifi mjini, kwenye studio ndogo karibu na stendi ya mabasi. Anapiga picha za pasipoti.