Kiti cha Madam Lamwaka

Mtoto aliyelelewa kambi ya jeshi ukimwambia amechaguliwa kwenda kozi, usitegemee afurahi. Filda Lamwaka aliambiwa maneno hayo na msajili wa chuo, Dokta Wandera, wakiwa kwenye chai ya saa nne, na papo hapo chai ikaingia shubiri.

"Ni kozi ya maofisa wa utawala wa vyuo vikuu," Wandera alisema huku akitabasamu. "Nusu mwaka, huko Nairobi. Chuo ndiyo inalipa. Wewe umetumika sana, madam. Sasa uende mbele kidogo."

"Na ofisi yangu, nani atakaa ndani?"

"Akoth atashikilia mpaka urudi."

Lamwaka akajibu, "Kale, ssebo," yaani sawa, bwana, akarudi mezani kwake. Kwa nini Wandera alitabasamu? Na jina la Akoth lilimtoka haraka namna ile, lilikuwa limewekwa tayari tangu lini?

Msimlaumu upesi. Baba yake, Mzee Ochan, alikuwa luteni aliyesimamia stoo ya vifaa katika kambi moja humu Kampala. Lamwaka akiwa bado shule ya msingi, baba naye aliitwa akaambiwa vivyo hivyo: umechaguliwa, nenda kozi, ukirudi utapanda. Akaenda kwa bashasha. Aliporudi alipewa cheo kweli, ila kazi hakuikuta. Stoo ilikuwa na bwana mwingine, na bwana huyo alitaka na nyumba yao pia. Lamwaka hajasahau sigiri ya mama yake ikinyeshewa mvua nje ya mlango. Wanajeshi wa Uganda wana neno la hali hiyo, katebe, yaani kiti kidogo: afisa ana nyota begani lakini hana kazi, amekaa tu anangoja kuitwa. Ochan alikaa kwenye katebe hadi akastaafu. Mpaka leo, nyumbani kwa binti yake huko Kasubi, ukitaja kozi anazima redio.

"Usiwape kitu," alimwambia jioni hiyo. "Mimi nilifundisha yule kijana kazi yote. Ndiyo akachukua pahali yangu."

Kazi ya Lamwaka ni kupanga ratiba ya mitihani, na asiidharau mtu. Mwenye kazi hiyo lazima ajue mhadhiri gani anafundisha vyuo vitatu na hashikiki, chumba kipi kinavuja, nani na nani wakisimamia mtihani pamoja watagombana. Lamwaka aliyaweka yote hayo kichwani mwake, na kwa makusudi. Msaidizi wake, Akoth, Mkenya mchapakazi asiye na makuu, alikuwa akimwomba kila mara, "Madam, nionyeshe nami nijue." Kila mara madam alikuwa na haraka ya kwenda mahali.

Sasa macho yakamtoka. Akoth amesuka nywele upya, za nini? Akoth na Bonny, yule karani wa mapokezi, wanainamia kompyuta moja kila mchana, wanapanga nini? Siku moja alimkuta Akoth ngazini na Wandera, wakanyamaza alipofika. Tuseme kweli, watu hunyamaza pia ili wamsalimu anayepita, lakini Lamwaka hakuwa na nafasi ya mawazo mepesi kama hayo.

Kisha Wandera akaja na jipya. Alimtaka achukue likizo wiki ya kwanza ya mitihani, waone ofisi itasimamaje bila yeye. "Ni kujaribu tu, kabla hujasafiri."

Kujaribu! Lamwaka alielewa alivyoelewa: mrithi wake anapimwa. Akamkabidhi Akoth ratiba safi kabisa. Jambo moja tu hakumwambia. Chuo hukodisha ukumbi mkubwa kwa harusi za Jumamosi, na wapambaji huingia Ijumaa asubuhi, kwa hiyo mtihani wa Ijumaa huhamia bwaloni kwa simu moja tu kwa mpishi mkuu. Hakudanganya. Alinyamaza.

Ijumaa simu ilimkuta sokoni Kalerwe akichagua nyanya.

"Madam, nakuomba!" Sauti ya Akoth ilikuwa karibu na kilio. "Wanafunzi wote wa uuguzi wako nje. Ndani kuna watu wanafunga vitambaa kwenye viti. Nifanye nini?"

"Ngoja hapo. Mimi nakuja."

Akapanda boda boda na mfuko wake wa nyanya mapajani. Alifika, akampigia mpishi, bwalo likafunguliwa, watu wakaketi wakaandika. Lamwaka alipita kati ya meza kifua mbele, mwenye raha ambayo hakuwa ameionja tangu siku ya ile chai. Sasa nani atathubutu kumtoa?

Jumatatu Wandera alimwita. Safari hii hakutabasamu.

"Madam, kiti ya naibu msajili itakuwa wazi mwaka ujao. Wakubwa walitaka wewe. Kozi ilikuwa ya kukupandisha huko."

Lamwaka akavuta kiti akaketi.

"Lakini wameona Ijumaa. Wanasema bila wewe mitihani inakufa, basi usitoke hapo. Ataenda Akoth."

"Akoth? Si yeye ndiyo aliharibu?"

"Pahali ya Akoth, Bonny anaweza. Amemfundisha kila kitu."

Alitoka mle ofisini akiwa bado anatafuta mtego uko wapi. Aliutafuta hadi siku Akoth alipokuja kumuaga, akamshika mikono yote miwili na kumshukuru kwa kumwokoa Ijumaa ile. Hapo aibu ikamshika, akasahau hata kumtakia safari njema.

Akoth amerudi, yuko ghorofa ya juu, na mlango wake una kibao cha naibu msajili. Lamwaka yuko chini palepale, na bado hufunga droo yake akienda chakula cha mchana. Jioni moja Mzee Ochan alimuuliza, "Bado uko na kiti yako?"

"Bado niko nayo, baba."

Mzee akacheka kwa furaha, akaongeza sauti ya redio. Lamwaka hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba hakuna mtu aliyewahi kukitaka.