Tando Sita kwenye Kamba

Mama yangu anasafisha maji machafu ya kiwanda cha nguo, na kwa miaka kumi na tisa hatujala chakula nyumbani bila kuhutubiwa kuhusu tando. Ni shuka nyembamba za polima, aina ya plastiki, zenye vitundu visivyoonekana kwa macho: maji hupita, rangi hubaki. Za zamani zilipochoka, aliandika barua za kuomba mpya mpaka meneja akawa anamkwepa kwenye ngazi. Miezi minane! Hatimaye zikaja sita, kila moja ndani ya mfuko uliojaa dawa ya kuihifadhi, maana utando mpya ukikauka vitundu hujifunga, na basi tena.

Akazikabidhi stoo. Stoo yenyewe iko chini ya mjomba, mdogo wake wa mwisho, ambaye Mama alimtafutia kazi hiyo baada ya kuvuruga nyingine mbili. Meneja alikwisha mwonya: kosa moja tu, afungashe virago.

Kesho yake asubuhi Mama alikuta mifuko imepasuliwa, dawa imemwagwa, na tando zote sita zimeanikwa uani, zimebanwa kwa vibanio kama nguo za mtoto.

"Zililowa njiani, dada," mjomba alisema, uso umemchangamka. "Nimeziwahi kabla hazijaoza."

Mama alikaa chini kwanza. Kisha akawaka. Alimuuliza kama kichwa alipewa cha kufugia nywele, na mengine ambayo siyaandiki.

Alizilowesha kwenye spiriti siku mbili, labda vitundu vingefunguka tena. Mbili zikapitisha maji kwa shida, nne zikagoma kabisa. Meneja akawaita wote wawili ofisini, akauliza ni nani aliyeharibu.

"Mimi," Mama alisema. "Nilizikabidhi bila maelekezo."

Akapewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake. Walipotoka alingoja shukrani, na kwa kweli alikuwa anaidai. Mjomba akamwambia, kwa upole tu, "Ungeniambia, dada, ningezilinda. Hukuniambia kwa sababu ulishaamua sitaelewa."

Mama alitusimulia haya huku akigongagonga vyombo. Tukamuuliza alimjibu nini. Alisema tu kwamba neno hilo lilimuuma kuliko ile barua, kwa sababu ndivyo yeye alivyomwona mdogo wake siku zote.