Bibi Harusi wa Udongo

Juzi niliona vigingi vyekundu vimepigwa kando ya lile tanuru la udongo ambamo Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma. Hasira ilinipanda, kisha nikakumbuka mchana mmoja wa palizi, nilipokuwa mtoto.

Mvua ilitukuta shambani, mimi na bibi yangu, tukajibanza ukutani mwa tanuru hilo. Palinukia udongo mbichi na majani ya maharage.

"Babu zako walimpamba huyu kama bibi harusi," Bibi alisema akiligusa tanuru, "ndipo wakawasha moto."

Nilielewa kwamba bibi harusi bado yumo ndani, na aibu ndiyo inamchelewesha kutoka. Nikavua ushanga wangu wa mkononi, nikaupenyeza kwenye tundu la chini. Bibi aliniona, wala hakucheka. "Umefanya vyema, mama."

Siku hizi najua hamna mtu mle. Najua pia kwamba vigingi vile ni vya fremu za maduka, na maduka tunayahitaji. Kwenye mkutano wa kijiji tulifokeana mpaka kijana mmoja wa bodaboda akasimama.

"Shikamooni, wazee. Fremu tunaweza kuzijenga ng'ambo ya barabara. Hili tukilibomoa, nani kati yetu anajua kulijenga?"

Mwenyekiti akaagiza vigingi vihamishwe.

Jioni nilipita kuhakikisha, nikainama nichungulie lile tundu. Mlikuwa na ushanga wa plastiki, wa rangi ya waridi, mpya kabisa. Kumbe bado kuna mtoto anayemsubiri atoke.