Bahari Yenye Ngazi

Cha kwanza ambacho mtu huona kwa Omer Kisimba ni viatu vyake. Ni vyeusi, vya ngozi, vya mpiga picha za arusi. Lakini soli zake zina ukungu wa kijani usiotoka hata kwa brashi. Akiketi, huvificha chini ya kiti.

Ukijani huo aliupata siku alipompiga picha mkewe, Jémima, kando ya shimo la zamani la shaba lililojaa maji, nje ya Kolwezi. Kabla ya arusi alikuwa amejigamba mbele ya wakwe kwamba fungate yao itakuwa ya visiwani: leo kisiwa hiki, kesho kile, mchanga mweupe hadi upeo wa macho. Alichoweza ni kujificha na mkewe kwa rafiki huko Mutshatsha. Lakini maji ya shimo yalikuwa na samawati ya bahari za kwenye kalenda, na vilima vidogo vya mchanga vilichomoza katikati. Jémima alivua viatu, akacheka, picha ikatoka nzuri, na Omer akaipeleka kwa wakwe kama ya visiwani.

Mama Kanyinda, mama mkwe, akaitundika sebuleni. Kila mama wa kanisa aliyeingia alionyeshwa "visiwa vya mutoto wangu".

Jumapili moja akaja Tata Nkulu, mjomba wa Jémima, mchimbaji mstaafu. Akasogeza miwani.

"Mama Kanyinda, hii bahari iko na ngazi?"

"Ngazi gani, Tata?"

"Hizi, huku nyuma. Siye wachimbaji njo tulizikata! Mukwe, ulipanda ndege ya kwenda mu shimo?"

Wageni walicheka hadi soda zikamwagika. Omer aliinamisha kichwa. Kwa desturi yao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye moja kwa moja. Siku ile aliishukuru desturi. Kisha akamsikia Mama Kanyinda akiuliza kwa sauti ndogo, "Jémima, na wewe ulijua?"

 Machozi yalimlengalenga Jémima.

Hilo ndilo lililomchoma Omer. Uongo ulikuwa wake. Aibu alikuwa amemvisha mtoto wa watu.

Kesho yake akamtuma Tata Nkulu kwa mama mkwe: ziwa la Nzilo lina visiwa vidogo, visivyo vya kalenda, na kuna mvuvi wa kuwavusha. Je, mama atakubali kwenda nao Jumapili?

Nkulu alirudi akitabasamu. "Anasema atakuja. Lakini picha haitoki ku ukuta mpaka ulete ingine ya kweli."

Tangu hapo Omer anasugua soli zake kila jioni na kuchungulia mawingu. Jumapili haifiki.